Kuchaji ni Kuchaji

Nianze na hili ili tusipotezeane muda: mimi ni msusi, nina miaka arobaini na moja, nina watoto wawili walioshaota ndevu, na nacheza gemu. Mwenye neno aseme. Nacheza saluni mteja akichelewa, nacheza nikisubiri dawa ya nywele ishike, na sijawahi kuunguza kichwa cha mtu. Ni ile gemu ya mkononi, kioo katikati na vitufe huku na huku, niliyoinunua kwa mteja mmoja aliyekuwa anahama. Kwa hiyo asije mtu kuniambia kwamba haya yote yametokana na mchezo wa watoto. Nimeshaambiwa hivyo na bwana mmoja mwenye tai, na nusura nimrukie.

Ila habari yenyewe si yangu, ni ya dada yangu.

Dada amenizidi miaka sita. Kiwandani wanamwita Vifungo, kwa sababu miaka kumi na saba amekaa kwenye mashine ya kushona matundu ya vifungo. Wanashona sare pale: za shule, za walinzi, za wauguzi. Ukikutana na muuguzi aliyefunga sare yake vizuri mpaka shingoni, huenda tundu lile la juu limepita mikononi mwa dada yangu. Ni mpole mpaka anaudhi. Mtu akimkanyaga kwenye foleni, yeye ndiye anayeomba samahani. Nadhani mama alipogawa midomo, mimi nilichukua wangu na wa kwake.

Mwezi wa pili sindano ya mashine ilipita kwenye dole gumba lake la mkono wa kulia. Sisemi ilichoma, nasema ilipita. Iliingilia juu ikatokea chini, na mashine haikusimama, kwa sababu kikanyagio kilikuwa kinang'ang'ania na yeye alishakisemea. Alikisemea mara tatu! Hospitali walimshona kano, wakamfunga, wakamfungua, na dole likatoka limekakamaa kama kigingi. Hawezi kushika kijiko. Hawezi kufunga vifungo vya blauzi yake mwenyewe, yeye ambaye kutwa kucha alikuwa anawafungulia watu matundu. Nikawa nampitia asubuhi kabla ya kufungua saluni, nasimama mbele yake, namfunga kimoja kimoja. Yeye anatazama ukuta, mimi natazama vifungo.

Kiwandani hawakumfukuza. Walimshusha. Wakamweka kwenye meza ya kukata nyuzi, kule nyuma, anakata nyuzi zilizoning'inia kwenye mashati kwa mkasi mdogo na mkono wa kushoto. Msimamizi wa mstari wao wa mashine, ambaye wanamwita Bwana Saa kwa jinsi anavyotazama mkono wake kila akipita, akamwambia, "Vifungo, Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa sita tutakupima. Mashati arobaini kwa saa moja, matundu saba kila shati. Ukiweza, mashine yako. Ukishindwa, tunampa mwingine, na huku kwenye nyuzi nako sijui kama kutakuwa na nafasi." Kwa Kiswahili kingine, unga ungemwagika. Na ndani ya nyumba ya dada unga una mtu mmoja tu anayeuleta, naye ni yeye.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitali, msichana mwenye sauti laini na mikono ya chuma, alimpa mpira wa kubinya. "Dakika kumi, kila baada ya saa mbili. Dole lifanye kazi ndogondogo, mara nyingi, usilipumzishe." Dada akabinya siku mbili. Siku ya tatu nilimkuta kasinzia na mpira umebingirika chini ya kitanda. Jamani, nani anaweza kubinya mpira miezi minne? Nikajiuliza, mimi dole langu gumba linafanya nini kutwa? Nikampa gemu yangu.

Kulikuwa na mchezo mmoja wa kigari kidogo kinachokwepa mashimo. Dole la kulia ndilo linalokiendesha: juu, chini, ruka, funga breki. Siku ya kwanza alitumbukia shimo la kwanza mara kumi na nne mfululizo. Siku ya tano akafika shimo la tatu, akanipigia simu kunitangazia. Tukampelekea yule msichana wa hospitali aone, naye akacheka akasema, "Hii hii. Ila mara nyingi, mama, na kazini pia."

Hapo ndipo lilipoanza suala la umeme. Betri ya gemu ni ya zamani, ikijaa inakaa saa moja na kidogo. Kwa dada umeme unakuja na kuondoka unavyojisikia. Na kiwandani getini kuna bango jekundu refu kuliko mlinzi: MARUFUKU KUCHAJI. Kuna mtu aliwahi kuchomeka simu kwenye soketi ya watu wa pasi, fyuzi ikakatika, mstari mzima ukalala nusu siku. Dada si mtu wa kupita karibu na bango kama hilo, achilia mbali kulivunja.

Mimi nilikuwa na pawabenki, ile ndogo ya simu, bapa kama kipande cha sabuni iliyotumika. Nikaipeleka kwa fundi simu wa jirani yangu kumuuliza kama itaweza gemu. Akaigeuza, akasoma maandishi ya nyuma, akaniangalia kwa huruma.

"Hii haina nguvu, mama. Gemu yako inataka chaja kubwa. Ukiichomeka hapa ni kama kumnywesha ng'ombe kwa kijiko."

"Sasa?"

"Sasa nina hii hapa," akatoa dude moja zito kama tofali.

Nikamwambia tofali akajengee. Nikampa dada ile ile ndogo. Kesho yake kaja amenuna. Kaichomeka huku anacheza, na chaji, badala ya kupanda, imeshuka kutoka thelathini hadi ishirini na nne. "Mdogo wangu, hiki kidubwasha kinanyonya gemu," akasema. Yaani aliamini kabisa umeme unatoka kwenye gemu unaingia kwenye pawabenki.

Sikuliacha hapo. Siku iliyofuata nilikaa na vyote viwili saluni, kati ya kichwa na kichwa, najaribu. Nikichomeka huku nacheza, inashuka. Nikiilaza tu kioo kizime, inapanda kwa kujivuta. Nikiizima kabisa, kabisa, nikaiacha saa tatu, nikiiwasha nakuta nusu imejaa! Ng'ombe mwenyewe kumbe alikuwa anataka alale ndiyo anyweshwe. Nikambandikia gemu kipande cha plasta mgongoni, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito: ZIMA KWANZA. Fundi simu nilipomweleza akasema alikuwa anajua. Nyoo! Angekuwa anajua angenitolea tofali?

Ikawa ndiyo ratiba yetu. Jioni nachaji pawabenki saluni, kwenye soketi ya pili kutoka mlangoni, bosi wangu anajua na karidhia. Asubuhi nampelekea dada ikiwa na taa zote nne, imejaa. Saa nne, wakati wa chai, anacheza dakika kumi nje kwenye benchi, anazima, anachomeka, anafunga mkoba kwenye kabati lake la chuma. Saa saba anachomoa, anacheza, anazima, anachomeka, kabatini. Mtu hakuona hata mwanga wa kioo saa za kazi. Wenzake walimcheka mwanzoni, wakamwita Bibi Gemu. Yeye akacheka nao.

Na dole likaanza kukunja. Kwanza kidogo, kama mtu anayeitikia kwa kichwa. Halafu likashika kijiko. Mwezi wa tano mwishoni nikampitia asubuhi kama kawaida, nikamkuta kakaa kitandani, blauzi imefungwa mpaka juu. Mimi nikajifanya nimebanwa, nikaenda chooni nikalia, nikarudi nikasema tutachelewa.

Sasa sikilizeni kilichotokea.

Jumatano ya wiki ile ya kupimwa, saa kumi na moja, wanatoka. Mlinzi anapekua mikoba, kama kila siku, kutafuta vitambaa. Siku zote dada huchomoa waya kabla ya kutoka. Siku hiyo alichelewa kwenye foleni ya kunawa, akabeba mkoba ulivyo. Mlinzi akafungua, akakuta gemu, pawabenki, waya kati yao, na kijitaa kimoja kinapepesa. Basi! Akapiga filimbi utafikiri kakamata jambazi la benki.

"Unachaji!"

"Ni kwa betri yangu, kaka," dada akasema.

"Kwani nimekuuliza ni kwa betri ya nani? Soma bango."

Akaitwa Bwana Saa. Akatazama mkoba, akatazama mkono wake, akasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka damu inanichemka: "Kuchaji ni kuchaji." Wakachukua vitu vyote, wakamwandikia taarifa ya wizi wa umeme wa kiwanda. Dada yangu! Mtu ambaye akiokota kifungo sakafuni anakirudisha kwenye kopo! Akaja saluni mikono mitupu, akakaa kwenye kiti cha kuoshea, akanisimulia kwa sauti ya chini ili mteja asisikie. Mteja alisikia, nami nilihakikisha anasikia vizuri.

"Na Ijumaa?" nikamuuliza.

"Hawajasema. Wamesema wataangalia kama mtu mwenye kesi anaweza kupimwa."

Alhamisi asubuhi nikaomba ruhusa saluni, nikaenda. Mlinzi akaniuliza nina miadi na nani. Nikamwambia, "Sina miadi, nina mali. Ile gemu ni yangu na ile pawabenki ni yangu, na mmezishika bila kuniandikia hata karatasi ya chooni." Akasitasita, akapiga simu ndani, nikapitishwa.

Ofisi ya utumishi ni chumba kidogo chenye feni isiyozunguka na kalenda ya mwaka jana. Bwana mmoja wa tai kakaa nyuma ya meza, Bwana Saa kasimama pembeni, na dada yangu kaketi kwenye kistuli, mikono mapajani, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Alinitolea jicho la kuniomba ninyamaze. Nikajifanya sikuliona. Mezani kuna gemu na pawabenki, waya bado umechomekwa. Ushahidi, eti.

"Huo umeme," nikasema hata kabla ya kukaa, "umetoka saluni kwangu. Juzi jioni, soketi ya pili kutoka mlangoni. Nimeuchaji kwa mkono wangu. Mkitaka kumshitaki mtu, niko hapa."

"Mama, utaratibu ni kwamba kuchaji ni..."

"Ni kuchaji, nimesikia. Sasa wewe, bwana mwenye saa, hebu nisaidie." Nikaichukua pawabenki, nikabonyeza kitufe chake cha pembeni. Ikawaka taa moja, nayo inapepesa. "Hii asubuhi ya Jumatano ilikuwa na taa nne. Nilimkabidhi mwenyewe. Jioni mmeikamata ina taa moja. Niambieni, ni mwizi gani wa umeme anayetoka getini na betri tupu? Mwizi wa maharage anatoka na gunia jepesi kuliko alivyoingia?"

Bwana Saa akatazama mkono wake.

"Na lile kabati la chuma lina soketi? Twendeni tukaangalie. Ni hapo tu, hatua ishirini. Nikikuta soketi nakula plasta ile iliyoko mgongoni mwa gemu."

Hakuna aliyesimama. Yule wa tai akaichukua pawabenki, akabonyeza, akaona taa moja, akaweka chini. Akatabasamu hata. Akaniambia, "Mama, nimekuelewa. Kusema kweli hoja yako ina uzito. Inaelekea hakuiba."

Nikashusha pumzi. Nikamwangalia dada, nikamwona naye anashusha pumzi.

"Lakini taarifa imeshapelekwa juu," akaendelea.

"Basi iteremsheni."

"Taarifa ikishapanda haishuki, mama. Ndiyo mfumo. Tutaona namna ya kuimaliza kwa upole." Halafu, kana kwamba hajaniudhi vya kutosha, akaongeza, "Na wewe mama mshauri dada yako. Mtu mzima, kazini, na mchezo wa watoto kweli?"

Weee! Nilisimama kiti kikaanguka. "Dole hilo limetobolewa na mashine yenu! Kikanyagio kilikuwa kibovu, kakisemea mara tatu, mara tatu! Hiyo taarifa nayo mliipeleka juu? Ilipanda? Au yenyewe ngazi ilikuwa imevunjika?"

Bwana Saa safari hii hakutazama mkono, alitazama viatu. Dada akainuka, akanishika kiwiko, akanitoa nje. Mlangoni alimwambia yule wa tai, "Samahani, bosi." Samahani! Nilitamani nimuume.

Vitu hawakunirudishia siku ile. Walisema vikae mpaka suala liishe. Kwa hiyo siku mbili za mwisho kabla ya kupimwa, siku ambazo dole lilihitaji kazi kuliko zote, dada alizimaliza kwa vibanio vya nguo. Alikaa ukumbini kwake na beseni la vibanio, anabana kwenye ukingo, anabandua, anabana, anabandua. Mimi nilikaa naye nimevimba kwa hasira, namwambia nitaandika, nitakwenda redioni, nitabandika bango langu mwenyewe getini. Yeye anahesabu vibanio. Alipofika mia tatu akasema, "Hebu nipikie chai."

Ijumaa walimruhusu apimwe. Sikuwapo, lakini kila mtu wa mstari ule amenisimulia, na wote wanasimulia sawasawa. Saa nane kamili akakaa kwenye mashine yake. Kikanyagio kilikuwa kimebadilishwa, kipya, kinang'aa, yule aliyeikalia mashine hiyo miezi minne alikisemea mara moja tu wakakibadilisha. Bwana Saa akasimama nyuma yake na ile saa yake. Mashati yakaanza kupita. Wenzake wanasema waliacha kutazama kazi zao, mmoja alijishonea mkono wa shati kwenye kola. Saa tisa ilipogonga alikuwa amemaliza mashati arobaini na matatu. Walikagua matundu yote, mia tatu na moja. Hakuna hata moja lililopinda.

Wakapiga makofi. Bwana Saa naye alipiga, wanasema.

Saa kumi na mbili kasoro akaingia saluni. Mimi nina kichwa cha mteja mkononi, nusu kimesukwa, nusu kimesimama. Aliweka gemu na pawabenki kwenye meza ya vitana, na waya kauviringa vizuri kwa mpira wa pesa. Nikapiga kelele ya furaha. "Wamekurudishia mashine?"

"Jumatatu nakaa."

"Si nilikwambia! Wameona aibu!"

Akafungua mkoba, akatoa karatasi, akanipa. Nikafuta mafuta mikononi, nikasoma. *Mimi niliyetajwa jina hapo juu nakiri kwamba nilitumia umeme wa kiwanda bila idhini. Naomba radhi na naahidi kutorudia. Nimeelewa kwamba hili ni onyo la mwisho.*

Nilisoma mara mbili. "Onyo la mwisho? La kwanza lilikuwa lini? Dada, walisema wenyewe hukuiba! Kasema mbele yangu!"

"Alisema hivyo hivyo na leo. Akasema anajua sikuiba, ila faili lazima lifungwe na kitu. Nikisaini, Jumatatu niko kwenye mashine. Nisiposaini, uchunguzi unaendelea, na wakati unaendelea nakaa nyumbani."

"Na wewe ukasaini! Ukajiita mwizi! Kesho sindano ikipotea, mwizi nani? Kitambaa kikipungua, mwizi nani? Wamekufunga kamba shingoni, na ncha anaishika Bwana Saa!"

Mteja wangu alikuwa anatuangalia kwenye kioo. Dada akaketi kwenye kiti cha kuoshea, akaegemeza kichwa nyuma kwenye beseni, akafumba macho.

"Najua," akasema. "Unadhani sijui? Wewe kasirika, mdogo wangu. Kasirika hasira zako na zangu. Mimi nimechoka na nina kazi Jumatatu."

Basi ndiyo hivyo, nimekasirika hasira zangu na zake, na nitamsimulia kila atakayekaa kwenye kiti changu, akitaka asitake. Nikaitazama tena ile karatasi, chini kabisa, nitafute angalau kosa, tarehe, kitu cha kuichania. Sikuona kosa. Niliona saini yake. Tangu aumie alikuwa anasaini kwa mkono wa kushoto, mikwaruzo tu, hata benki walikuwa wanamrudisha. Hii aliiandika kwa mkono wa kulia. Ilikuwa ile yake ya zamani, ya mteremko, yenye mkia mrefu mwishoni, imenyooka vizuri, na kalamu haikuteleza popote.